Jim Beglin, beki wa Liverpool aliyegeuka sauti ya gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyomo humu sikuyatunga. Mengi nimeyasikia kwenye mabanda ya gemu ya Sinza na Mwananyamala, mengine kwenye vibanda umiza jioni za Jumamosi, mechi ya Uingereza ikiwa mapumziko na watu wamepata nafasi ya kubishana, na machache nimeulizwa na wazee waliokuwa wakiifuatilia Liverpool kwa redio kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni. Nimeyapanga kwa kufuata maisha ya mhusika, na mengine nimeyajibu kwa kirefu zaidi kwa kuwa yana mengi ndani yake.

Jim Beglin ni mtu wa kweli, au ni sauti iliyotengenezwa na kompyuta?

Ni mtu wa kweli, na kabla ya kuwa sauti alikuwa mchezaji wa Liverpool aliyeanza katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Swali hili ndilo linaloongoza kwa kuulizwa, na wanaoliuliza hawastahili kuchekwa, kwa sababu wengi wao walikutana na jina lake ndani ya PES (Pro Evolution Soccer), gemu ya kandanda ambamo wanaume wawili hutangaza mechi nzima pasipo sura zao kuonekana hata mara moja. Nakumbuka kijana mmoja pale Sinza, pedi yake imezungushiwa utepe mweusi kwenye kona kwa jinsi ilivyokwisha kudondoshwa, akimshikilia mwenzake kwamba yule mtangazaji wa pili ni mashine, na ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: “Sikiliza vizuri, huyu havuti pumzi.” Katika hilo la pumzi alikuwa na hoja, na nitalirudia tutakapofika kwenye namna gemu zinavyorekodiwa.

Alizaliwa wapi, na alianza kucheza katika timu gani?

Jina lake kamili ni James Martin Beglin, na alizaliwa tarehe 29 Julai 1963 katika mji wa Waterford, mji wa bandari ulioko kusini mashariki mwa Ayalandi, ambao duniani unajulikana zaidi kwa vyombo vyake vya kioo kuliko kwa wachezaji wake. Timu yake ya kwanza kubwa ilikuwa Shamrock Rovers ya Dublin, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Johnny Giles, kiungo aliyewika Leeds United. Giles naye alikuja kuwa mchambuzi wa televisheni nchini kwao kwa miaka mingi, kwa hiyo anayependa kutafuta dalili za mapema anaweza kusema kwamba kijana yule alianzia mikononi mwa mtu mwenye ulimi.

Liverpool walimnunua kwa kiasi gani?

Pauni 20,000, mwaka 1983. Ili kuielewa bei hiyo, kumbuka kwamba miaka mitatu kabla yake Liverpool hao hao walikuwa wamelipa pauni 300,000 kumchukua Ian Rush, ambaye naye alikuwa kijana asiyejulikana sana. Beglin alikuwa wa bei chee, lakini usajili wake una jambo la kukumbukwa: anahesabiwa kuwa mchezaji wa mwisho kusajiliwa na Bob Paisley, kocha aliyeipa Liverpool Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara tatu, mwaka 1977, 1978 na 1981, kabla ya kustaafu mwaka huo wa 1983.

Hakupewa nafasi mara moja. Alikaa katika kikosi cha akiba kwa zaidi ya mwaka, na mechi yake ya kwanza katika kikosi cha wakubwa aliicheza Novemba 1984. Aliyekuwa mbele yake katika nafasi ile hakuwa mtu wa kuondolewa kirahisi: ni Alan Kennedy, aliyefunga bao pekee la fainali ya 1981 dhidi ya Real Madrid jijini Paris na kupiga penati ya ushindi dhidi ya Roma mwaka 1984. Kumng’oa beki aliyekuletea makombe mawili ya Ulaya kunahitaji mchezaji mtulivu, asiyekosea mambo madogo, na kwa maelezo ya waliomwona Beglin alikuwa hivyo.

Alikuwa anacheza namba gani?

Namba tatu, yaani beki wa kushoto. Kwa wakazi wa Dar es Salaam maneno “beki tatu” yana maana nyingine inayohusu jikoni na malezi ya watoto, na kila ninapolijibu swali hili barazani lazima atokee mtu wa kucheka, basi nimezoea kusema “beki wa kushoto” na kuendelea na mazungumzo. Alitumia mguu wa kushoto kwa asili, alipenda kupanda na mpira, na pasi yake ndefu ilikuwa na macho. Hilo la pasi litahitajika hapo chini.

Je, ni kweli kwamba alikuwepo Heysel?

Alikuwepo, na alicheza dakika zote. Safari ya kufika huko ilikuwa nzuri kwake, kwa kuwa Aprili 1985 alifunga bao la nne Liverpool ilipoichapa Panathinaikos ya Ugiriki 4-0 Anfield katika nusu fainali. Fainali ilipangwa tarehe 29 Mei 1985 katika uwanja wa Heysel, Brussels, dhidi ya Juventus ya Michel Platini na Zbigniew Boniek, na Beglin alikuwa na umri wa miaka 21.

Kabla ya mechi kuanza, sehemu ya mashabiki wa Liverpool waliwavamia mashabiki waliokuwa upande wa pili wa uzio hafifu, watu wakakimbilia ukutani, wengi wakakandamizwa, na ukuta ukaanguka. Watu 39 walikufa, wengi wao Waitaliano. Uwanja wenyewe ulikuwa mkuukuu na usiofaa kwa mechi ya namna ile. Wakuu waliamua mechi ichezwe hivyo hivyo, kwa hofu kwamba kuivunja kungezua vurugu zaidi, na ikachezwa kwa kuchelewa sana. Juventus walishinda 1-0 kwa penati ya Platini, iliyotolewa kwa rafu ambayo picha zinaonyesha ilifanyika nje ya eneo la hatari. Sijawahi kuona haja ya kuibishania penati ile.

Kwa maisha ya Beglin, matokeo ya usiku ule yalikuwa marefu kuliko mechi. Klabu za Uingereza zilifungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, Liverpool ikaongezewa mmoja, na mchezaji aliyefika fainali ya Ulaya katika msimu wake wa kwanza hakupata tena nafasi ya kucheza mashindano hayo na klabu ile. Watu wanaomuuliza kwa nini “hakushinda Ulaya” mara nyingi hawana habari kwamba mlango ulifungwa kwa kila mtu.

Alishinda makombe gani?

Msimu wa 1985/86 ndio wake. Kenny Dalglish alikuwa amekabidhiwa timu akiwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, na Liverpool ilichukua ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA, jambo ambalo klabu hiyo haikuwahi kulifanya kabla ya hapo. Ligi iliamuliwa tarehe 3 Mei 1986 Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea, kwa bao moja. Bao hilo limeonyeshwa mara nyingi mno, na karibu kila mtu humkumbuka Dalglish akiutuliza mpira kifuani na kuupiga kabla haujagusa chini. Aliyeuinua mpira ule juu ya mabeki ukamfikia kocha wake kifuani ni Beglin. Naona haki kulisema hili kwa mkazo, maana mabeki wa pembeni hupewa lawama kwa majina yao na sifa kwa majina ya wenzao. Liverpool ilimaliza na pointi 88, Everton 86.

Siku saba baadaye, tarehe 10 Mei, timu hizo hizo mbili zilikutana Wembley katika fainali ya Kombe la FA. Gary Lineker aliifungia Everton bao la kwanza, kisha Rush akafunga mawili na Craig Johnston moja, ikawa 3-1. Kikosi kilichoanza cha Liverpool siku ile hakikuwa na hata mchezaji mmoja wa timu ya taifa ya Uingereza, na wawili kati yao, Johnston na kipa Bruce Grobbelaar, walikuwa wazaliwa wa Afrika Kusini.

Inasemekana alipigwa na kipa wake mwenyewe katika fainali hiyo. Ni kweli?

Hakupigwa. Alisukumwa na kufokewa, na kamera zilinasa. Ilikuwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, Everton wakiongoza 1-0. Mpira ulikuwa unaviringika karibu na eneo la Liverpool, kipa na beki kila mmoja akamtegemea mwenzake, na hapo Grobbelaar, ambaye wazee wetu wanamkumbuka zaidi kama golikipa wa Zimbabwe, akapandwa na hasira akamsukuma Beglin mbele ya uwanja mzima. Haikupita muda mrefu Rush akasawazisha. Kuna wanaopenda kusema kwamba ugomvi ule ndio uliowaamsha Liverpool. Mimi naona pasi ya Jan Mølby, kiungo wa Liverpool, ndiyo iliyowaamsha. Kinachonivutia katika picha ile ni Beglin mwenyewe: anajibu kwa maneno machache, anageuka, anarudi kwenye nafasi yake kushoto. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye chumba cha utangazaji hatamrukia mwenzake maneno.

Mguu wake ulivunjikaje?

Tarehe 21 Januari 1987 Liverpool walikwenda Goodison Park kucheza na Everton katika robo fainali ya Kombe la Ligi. Beglin aliuwahi mpira, Gary Stevens wa Everton akafika akiwa amechelewa, na mguu ukavunjika vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 23. Mechi iliendelea na Liverpool wakashinda 1-0 kwa bao la Rush, wakafika hadi fainali na kufungwa na Arsenal 2-1, lakini yeye hakuichezea tena Liverpool katika kikosi cha kwanza. Tahadhari kwa wanaotafuta habari hii: enzi zile walikuwapo Gary Stevens wawili katika soka la Uingereza, mmoja Everton na mwingine Tottenham, na wote wawili waliitwa timu ya taifa. Anayezungumziwa hapa ni yule wa Everton.

Je, rafu ile ilikuwa ya makusudi?

Ilikuwa mbaya na ya kuchelewa. Nia ya mtu haionekani kwenye picha.

Kwa nini hakurudi kama zamani?

Kwa sababu mfupa ulipopona, goti nalo likaharibika. Alipambana kurudi kupitia mechi za kikosi cha akiba, akaumia tena, na wakati huo huo timu aliyoiacha ilikuwa inakimbia mbele. Majira ya joto ya mwaka 1987 Liverpool ilimsajili John Barnes kutoka Watford na Peter Beardsley kutoka Newcastle, na msimu uliofuata ikacheza mechi 29 za ligi tangu mwanzo bila kufungwa. Barnes alikuwa winga wa kushoto. Beki ambaye angecheza nyuma yake, akimpa mpira na kumzunguka kwa nje, alikuwa anafanya mazoezi ya kukunja goti. Katika maisha yote ya Beglin uwanjani hakuna kipande kinachoniuma kama hiki, na nakiri kwamba mimi si shabiki wa Liverpool.

Mwaka 1989 aliachwa huru akaenda Leeds United ya Howard Wilkinson, timu ambayo msimu huo ilipanda kutoka daraja la pili. Alicheza mechi chache, akapelekwa kwa mkopo Plymouth Argyle na Blackburn Rovers, na mwaka 1991 madaktari na goti lake walikubaliana. Alistaafu akiwa hajafikisha miaka 28. Mechi zake zote za Liverpool hazikufika 100.

Aliichezea timu ya taifa ya Uingereza?

Hapana. Yeye ni Mwailandi, na aliichezea Jamhuri ya Ayalandi mara 15. Mwaka 1988 nchi yake ilishiriki mashindano makubwa kwa mara ya kwanza, fainali za Ulaya zilizofanyika Ujerumani Magharibi, na mechi ya kwanza tu ikaifunga Uingereza 1-0 mjini Stuttgart. Mwaka 1990 ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Italia. Zote mbili zilimpita akiwa majeruhi au akiwa njiani kustaafu.

Aliingiaje katika utangazaji?

Katika miaka ya 1990, akiwa mtu mwenye goti bovu na umri wa kufanya kazi miaka mingine thelathini. Vituo vilivyomjenga zaidi ni RTÉ, shirika la utangazaji la Ayalandi, na ITV ya Uingereza, ambayo msomaji wa Dar es Salaam asiichanganye na ITV ya Mikocheni; majina yamefanana tu.

Wakati ulikuwa upande wake. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992 ikiwa na mkataba wa televisheni wa pauni milioni 304 kwa misimu mitano, mechi zilizorushwa moja kwa moja zikaongezeka, na kila mechi ikahitaji mtu aliyewahi kuvaa viatu vya njumu akae karibu na kipaza sauti. Mishahara ya wachezaji waliostaafu mwaka 1991 haikuwa ya kumlisha mtu hadi uzeeni, kwa hiyo kazi ilikuwa inawatafuta na wao walikuwa wanaitafuta kazi. Tazama fainali ile moja ya Wembley ya 1986: Lineker aliyefunga bao la Everton aliendesha kipindi cha Match of the Day cha BBC kuanzia 1999 hadi 2025, Alan Hansen, nahodha wa Liverpool siku ile, alikaa kwenye kiti cha uchambuzi cha kipindi hicho hicho hadi 2014, Mark Lawrenson, beki wa kati, naye akawa mchambuzi na mtangazaji, na Beglin akaenda ITV.

Kuna tofauti gani kati ya mtangazaji, mtangazaji mwenza na mchambuzi?

Mchambuzi anakaa studio, kwenye mwanga, amevaa vizuri, na anazungumza kabla ya mechi, wakati wa mapumziko na baada ya mechi, akiwa ameshaona marudio. Mtangazaji mkuu yuko uwanjani na kazi yake ni kusema kinachotokea: nani ana mpira, umeenda wapi, nani amefunga. Mtangazaji mwenza ameketi begani kwa mtangazaji mkuu, na kazi yake ni kusema kwa nini kimetokea. Hii ya mwisho ndiyo kazi ya Beglin, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote tatu, ingawa ndiyo inayodharauliwa.

Ugumu uko katika muda. Mpira ukiwa katikati ya uwanja na timu inapasiana pole pole, mwenza anaweza kuzungumza sentensi mbili au tatu; mpira ukikaribia eneo la hatari anatakiwa awe amenyamaza, hata kama sentensi yake imefika nusu, kwa kuwa sauti ya bao ni mali ya mtangazaji mkuu. Bao likifungwa anasubiri. Mkuu anamaliza yake, uwanja unaachwa upige kelele wenyewe, halafu marudio ya kwanza yanaingia kwenye skrini ndogo mbele yao, na hapo ana sekunde chache za kutaja kosa ambalo yeye mwenyewe ndiyo kwanza analiona. Watangazaji wengi wawili wawili hupeana ishara kwa mkono ili wasigongane.

Waliokulia kwenye redio hupata shida kuikubali kazi hii. Mtangazaji wa redio haruhusiwi kunyamaza, kwa sababu akinyamaza msikilizaji hana mpira. Kwenye televisheni mtazamaji anauona mpira, na anayejaza kila pengo anamchosha. Beglin ni miongoni mwa wanaojua kuacha pengo. Ukimsikiliza mechi nzima utaona pia jambo jingine: mabao yakiingia kupitia pembeni, yeye haanzii kwa mfungaji. Anaanzia kwa beki, miguu yake ilisimamaje, alimpa winga nafasi kiasi gani, na kwa nini hakuna aliyekuja kumsaidia.

Kwa nini sauti yake inasikika sana Dar es Salaam?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazorushwa nje ya nchi hiyo huandaliwa na kitengo maalumu, pamoja na utangazaji wake wa Kiingereza, kisha vituo vya nchi mbalimbali hupokea picha na sauti kwa pamoja. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao Manzese na mtu aliyekaa Mumbai wanaweza kuwa wanasikia sauti zile zile kwa dakika ile ile, wakati mtu wa London anawasikia wengine kabisa. Kwa miaka mingi Beglin alitangaza hivyo pamoja na Peter Drury, yule ambaye maneno yake baada ya bao la Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, tarehe 11 Juni 2010 uwanja wa Soccer City, bado yanakaririwa kote Afrika. Drury anapaa, Beglin anakaa chini, na nafikiri ndiyo maana walielewana.

Sababu ya pili ni gemu.

Beglin yumo katika PES za miaka gani, na pamoja na nani?

Aliingia katika PES 2011 ya kampuni ya Konami akiwa na Jon Champion, na kuanzia PES 2016 mwenzake akawa Peter Drury, wakaendelea hadi PES 2021. Kabla yake, kiti cha mwenza kilikuwa cha Mark Lawrenson. Kwa hiyo wanaokumbuka matoleo yaliyoitangulia kidogo PES 2011 na wanaokumbuka ya baadaye walikuwa wanasikiliza, bila kujua, mabeki wawili walioanza pamoja Heysel, na mmoja wao, Lawrenson, alitoka katika dakika za mwanzo kwa kuteguka bega.

Wanawezaje kujua tutafunga bao ilhali walirekodi zamani?

Hawajui. Watangazaji wa gemu hukaa studio na kusoma maelfu ya vipande vifupi. Jina moja la mchezaji husomwa mara kadhaa: kwa sauti tulivu ya mpira ulioko mbali, kwa sauti inayopanda, na kwa sauti ya bao. Mwenza naye husoma maoni yaliyogawanywa kwa matukio, kama shuti lililopaa, kuotea, kadi, kipa aliyetema mpira, timu inayolinda bao moja mwishoni. Programu ndiyo inayoangalia unachofanya na pedi, kisha inachagua kipande kinachofaa na kukiunganisha na kingine. Pumzi zinazosikika kati ya kipande na kipande huweza kukatwa ili viungane vizuri, na hapo ndipo kijana wetu wa Sinza alipokuwa na hoja yake.

Basi ndiyo maana anarudia maneno yale yale?

Ndiyo. Ghala la maneno lina mwisho, na banda linalofunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa usiku huliishiwa mapema. Nawafahamu vijana wasiojua Kiingereza cha kuombea maji ambao wanaweza kukamilisha sentensi ya Beglin kabla hajaimaliza, kwa lafudhi yake ya Waterford, na kwa tafsiri ya kwao ambayo mara nyingi haiko mbali na ukweli, maana wameijifunza kwa kuangalia tukio lililoileta. Mmiliki wa banda moja aliniambia kwamba huwa anazima utangazaji na kuacha kelele za uwanja tu. Wateja wakalalamika.

Je, hapa nyumbani tuna wachezaji waliopita njia hiyo?

Tunao. Anayejulikana zaidi ni Ally Mayay, aliyekuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, ambaye kizazi cha sasa kilimfahamu kwanza kama mchambuzi wa televisheni na baadaye ndiyo kikaambiwa kwamba alicheza. Utangazaji wa ligi yetu bado unamtegemea zaidi mwanahabari kuliko mchezaji mstaafu pale uwanjani, wachezaji wakiwekwa studio, na mtindo wa mwenza aliyekaa begani haujakolea sana.

Jina lake linatamkwaje?

Beg-lin, mkazo ukiwa mwanzoni. Mtaani husemwa “Begilini”, na anaeleweka.

Nitazame mechi gani ili nimwone akicheza?

Fainali ya Kombe la FA ya 1986 inapatikana kwa urahisi na inamwonyesha kwa dakika 90, ikiwa ni pamoja na lile sekeseke na Grobbelaar. Nusu fainali dhidi ya Panathinaikos ina bao lake. Lakini ukiwa na kifurushi kidogo cha intaneti, tafuta bao la Stamford Bridge la tarehe 3 Mei 1986 na ulirudishe nyuma sekunde chache kabla ya kifua cha Dalglish. Jezi za wakati ule hazikuwa na majina mgongoni, kwa hiyo angalia namba 3.